Jina la Babu Kwenye Stashahada Yangu

Mama yangu alikuwa na namna yake ya kukaa kanisani. Alikaa mwisho wa benchi, upande wa njia, na watu walipoanza kusimama kwenda kukomunika aligeuza magoti pembeni ili wapite. Wakishapita wote anayarudisha magoti, anainamisha kichwa, anasubiri. Wakirudi anayageuza tena. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni kazi aliyopewa na kanisa, kama wengine walivyopewa kukusanya sadaka au kupiga kengele. Nilijivunia kwamba mama yangu ndiye mlinzi wa benchi.

Baadaye nilielewa. Yeye na baba walioana kwa mila, mahari ikatolewa ikakamilika, wazee wakala wakashiba, lakini hawakufunga ndoa kanisani, na asiyeifunga huko haruhusiwi kukomunika. Baba alisema watafunga baada ya mavuno. Mavuno yakaja na mafuriko yake. Mwaka uliofuata nikazaliwa mimi, kisha wadogo zangu, na kila mwaka ukawa na sababu yake. Kwa hiyo mama, ambaye katika nyumba yetu ndiye aliyejua sala zote, hakuwahi kusimama kwenye foleni ile tangu aolewe.

Naanza na magoti ya mama kwa sababu bila hayo mtu ataona ninayoyasimulia hapa ni majigambo tu ya fundi wa kompyuta. Majigambo nayo yamo, siyakatai. Mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kupata stashahada, na hakuna aliyenishika mkono. Dar es Salaam nilibeba viroba sokoni asubuhi na kuingia darasani mchana nikiwa na vumbi la unga masikioni. Nilipomaliza, wenzangu walibaki kutafuta ajira za ofisini, mimi nikarudi Ifakara. Nikafungua duka Kibaoni la kuchapa, kutoa kopi na kutengeneza kompyuta. Uliza Kibaoni nzima nani anaweza kufufua kompyuta iliyomwagikiwa chai, utaonyeshwa mlango wangu. Wazazi niliwajengea nyumba ya matofali ya kuchoma kule Mlabani, na sebuleni, juu ya kochi la baba, nikatundika stashahada yangu kwenye fremu ya kioo. Mgeni hawezi kuketi bila kuiona. Nilipima mwenyewe mahali pa kupiga msumari.

Kazi ninayotaka kuisimulia niliiomba mimi. Nilikwenda ofisi ya parokia kuchukua cheti changu cha ubatizo, nikamkuta katibu, mama mmoja Msukuma ambaye wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe wao, amezungukwa na vitabu vikubwa vya ubatizo vyenye majalada ya ngozi. Vya zamani viliandikwa na mapadre wa kigeni kwa mwandiko uliolala. Vilivyofuata viliandikwa na makatekista, vya karibuni na makatibu. Alikuwa anatafuta jina la mzee fulani tangu saa mbili asubuhi, na ilikuwa imeshafika saa sita.

"Mama, hii ni kazi ya kompyuta," nikamwambia.

"Kompyuta itajua kwamba padre aliandika alivyosikia yeye, siyo alivyosema mzazi?"

"Nitaifundisha."

"Haya, mwalimu wa mashine," akasema, akafungua ukurasa mwingine.

Hapo ndipo penyewe. Kuingiza majina kwenye kompyuta ni kazi ya vidole tu. Ugumu ni kwamba jina moja limeandikwa kwa sura tano, na kompyuta ya kawaida ukiibadilishia herufi moja inakujibu kwamba mtu huyo hayupo, bila aibu yoyote. Chuoni tulifundishwa dawa ya ugonjwa huu. Dawa ya kwanza ni kuhesabu hatua. Chukua neno "mchele" na neno "mchere". Ili la kwanza liwe la pili unabadilisha herufi moja tu, kwa hiyo umbali wao ni hatua moja. Ukiongeza herufi ni hatua, ukiondoa ni hatua. Maneno yaliyo karibu yana hatua chache, ya mbali yana nyingi, nawe unaamua mpaka: zaidi ya hatua mbili, sitaki kuliona.

Ni njia nzuri lakini haina masikio. Kwake, "mbuzi" na "mbuni" nayo ni hatua moja, wakati hakuna mtu bonde zima la Kilombero atakayewachanganya wanyama hao. Ndiyo maana kuna dawa ya pili, ya sauti. Kila jina unaligeuza kuwa alama fupi, na herufi ambazo midomo ya watu huzibadilishana unazipa alama moja. Majina mawili yakitoa alama moja, yanaletwa pamoja hata kama kwa macho hayafanani. Shida ni kwamba alama nilizofundishwa chuoni zilitengenezwa na watu waliokuwa wanasikiliza Kiingereza. Nilipozijaribu kwenye majina ya kwetu zilinichekesha. Zilitenganisha ndugu na kuunganisha wageni.

Nikatengeneza za kwangu. Wiki kadhaa nilikaa dukani na daftari, kila mteja akija kuchapa barua namwomba anitajie majina yake kwa sauti kisha ayaandike mwenyewe. Wandamba, Wapogoro, Wasukuma, wote walipita mbele yangu. Nikaona l na r zinapokezana, nikazipa alama moja. Dh na z, alama moja. Th na s vilevile. H ya mwanzo wa jina na irabu ya mwisho sikuzihesabu, maana wengine wanazila. Kwa ajili ya mapadre wa zamani nikaweka ph pamoja na f, na yale majina ya ubatizo yenye mkia wa Kilatini, kama ile -us, nikayakata mkia. Mwisho nikaziunganisha njia zote mbili: sauti ichague kwanza, kisha hatua zipange nani awe juu. Hakuna aliyenifundisha kuziunganisha hivyo. Najua wapo duniani waliofanya mambo kama hayo, lakini Kibaoni niliyafanya mimi.

Kuandika vitabu vyote kulichukua kiangazi kizima na masika yote. Kimoja kilikuwa kimelowa kwenye mafuriko ya miaka ya nyuma, kurasa zake kadhaa zimegandamana kama mkate uliolowa chai. Nilizoweza kuzisoma nilizisoma. Siku ya kujaribu, katibu alinipa majina aliyowahi kuyatafuta akashindwa. La kwanza likaja. La pili likaja. La tatu akalitaja kwa makusudi kwa lafudhi nzito ya kwao, nalo likaja.

"Sasa nitafute mimi," akasema.

Nikamtafuta. Programu ikaleta watu wanne, na watatu wa kwanza ni wanaume.

"Fundi, mashine yako imenipa ndevu!"

"Wa nne ni wewe, mama. Vumilia."

Alicheka mpaka paroko akachungulia mlangoni. Tangu siku ile akaacha kuniita mwalimu wa mashine, akaniita fundi tu. Vyeti vilivyokuwa vinachukua siku nzima vikawa vinatoka mtu akiwa bado anakunywa maji aliyokaribishwa.

Mwaka huohuo, wakati wa mavuno ya mpunga, mama alikuja dukani kwangu. Hakuwa na kawaida hiyo. Hakukaa hata nilipomvutia kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba yako amekubali."

"Amekubali nini?"

"Kanisa," akasema, akatazama barabarani kana kwamba alikuwa anasema habari za mtu mwingine.

Paroko alikuwa ametangaza kwamba baada ya mavuno atabariki ndoa za watu waliokwisha kuishi pamoja. Wanaotaka walete vyeti vya ubatizo kabla ya Jumapili ya tatu, ili majina yao yatangazwe. Cha mama tulikuwa nacho, kilitoka parokia ya kwao upande wa Mahenge. Kilibaki cha baba tu, na baba alibatizwa hapahapa, kwenye vitabu nilivyoandika kwa vidole vyangu.

"Mama, hiyo ni kazi ya dakika moja," nikamwambia. "Kashone gauni."

Jioni ile nikafungua programu. Nikaandika jina la ubatizo la baba, jina la baba yake, na kijiji. Sikumuuliza mtu. Kwa nini nimuulize mtu jina la babu yangu? Ni jina langu la tatu. Limo kwenye vyeti vyangu vyote kuanzia shule ya msingi mpaka ile fremu ya sebuleni.

Programu ikasema hakuna.

Nikalegeza mpaka, kutoka hatua mbili hadi tatu, kisha nne. Wakaja watu wengi, wenye jina la ubatizo kama la baba, lakini baba zao ni wengine kabisa. Nikaziangalia upya alama za sauti, nikahisi labda kuna herufi sikuzioanisha. Siku tatu nilikuwa narekebisha, na kila nikirekebisha programu inaniletea wageni wengi zaidi. Duka nililifungua kwa kuchelewa. Wateja wakasema fundi anaumwa.

Siku ya nne nikaamua kwamba baba yuko kwenye zile kurasa zilizogandamana. Lilikuwa jibu la heshima, maana halikuigusa programu yangu wala mimi. Nikaenda Mlabani kuwaambia.

Paroko hakuwa mtu mgumu. Shahidi angetosha, lakini msimamizi wa ubatizo wa baba alikwisha kufa, na wazee waliokuwepo siku ile pia. Basi akapendekeza baba abatizwe kwa sharti, yaani maji yamwagwe tena endapo mwanzo hakubatizwa. Baba alipoambiwa aliweka chini panga alilokuwa ananoa.

"Mimi nimebatizwa. Nilimsikia mama yangu akisema nililia mpaka padre akapoteza ukurasa. Sasa nirudiwe kama baiskeli inayopakwa rangi?"

"Ni kwa sharti tu, baba."

"Sharti gani? Kwamba mama yangu alikuwa mwongo?"

Mama alikuwa kwenye ngazi ya jiko anapeta mchele. Alipeta kidogo, akaupumzisha ungo mapajani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi, mwanangu. Usijisumbue. Benchi nimelizoea."

Nilirudi Kibaoni kwa miguu ingawa pikipiki zilinipigia honi njia nzima.

Jumapili ya pili ikapita. Katikati ya wiki shangazi yangu, mdogo wake baba, akaja kutoka Malinyi na kikapu cha samaki wakavu. Ni mwanamke wa sauti kubwa, na hajawahi kuingia ndani bila kulisifu au kulisema jambo fulani. Stashahada alikuwa hajaiona. Akasimama mbele ya kochi, mikono kiunoni.

"Hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo hiyo, shangazi."

"Mimi kusoma sikuenda mbali. Nisomee polepole, nisikie jina la kaka yangu likiwa kwenye kioo."

Nikasimama wima, nikasoma kama siku ya mahafali: jina langu, jina la baba, jina la babu.

"Rudia."

Nikarudia.

"Huyo wa mwisho ni nani?"

"Babu. Baba yenu."

"Baba yetu? Aliyenizaa mimi?" Akageukia uani. "Wifi! We wifi! Hebu njoo!"

Mama akaja akifuta mikono.

"Wifi, huyu kijana ananisomea nini? Umempeleka baba yangu serikalini kwa jina la ng'ambo ya kijito?"

Mama akavuta upindo wa khanga, akauziba mdomo. Mabega yake yakaanza kutikisika. Sikujua kama analia au anacheka, mpaka aliposhindwa kujizuia.

"Mwalimu aliniuliza," akasema. "Nimempeleka mtoto darasa la kwanza, mwalimu kalamu mkononi, ananiuliza jina la babu. Ningefanyaje? Nilitamke?"

"Ungesema subiri nikamwite mume wangu!"

"Mume wangu alikuwa shamba anafukuza ndege. Nimsubirishe mwalimu mpaka ndege washibe?"

Kwetu mke halitamki jina la baba mkwe wake. Si kwamba ameambiwa asilitamke, ni adabu tu, kama asivyoweza kupita bila kuinama mbele ya mkwe aliyekaa. Akitaka kumtaja anatafuta pembeni pa kumshikia. Mama, tangu alipoletwa kama mwali, alimwita babu kwa neno la lugha yetu lenye maana ya mtu wa ng'ambo ya kijito, kwa kuwa nyumba ya babu ilikuwa upande ule wa maji. Babu alikufa kabla sijazaliwa. Baba akimtaja alisema "baba". Mama akimtaja alisema lile neno. Mimi nikakua nikijua kwamba ndilo jina, nikaliandika kwenye madaftari, likapita kwenye mitihani yote, na siku ya mahafali mkuu wa chuo akalisoma kwenye kipaza sauti mbele ya umati.

Nikamuuliza shangazi, "Sasa jina lake hasa ni lipi?"

"Ngoja," akasema mama. Akatoka nje kwanza, akaenda mpaka kwenye kichanja cha vyombo, akaanza kupanga sufuria zilizokuwa zimekwisha kupangwa. Hapo ndipo shangazi alipolitaja.

Lilikuwa jina zuri, fupi. Halikuwa na herufi hata tatu zinazofanana na lile langu. Ningelegeza mpaka wa hatua hadi nimwalike kila aliyebatizwa bonde zima, babu asingekaa juu ya orodha. Njia zangu zinajua mdomo ulivyolipindisha jina. Mdomo uliokataa kulitaja kwa heshima hazina habari nao.

Baba alikuwa kwenye kiti chake barazani na alisikia yote. Nikamfuata.

"Baba, ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona kwenye kitambulisho chako cha taifa limeandikwa hilihili la kwangu?"

"Walipokuja kuandikisha, wewe ulikuwa chuo. Nikaona vyeti vyako vyote vimeshaandikwa vile. Nikafikiri, siku moja watamuuliza mbona baba yako ana baba mwingine. Watakufukuza. Nikalifuata la kwako."

"Na lile la kweli?"

"Lile analo Mungu. Nilidhani mashine yako inalijua."

Miaka yote nilikuwa nikisema hakuna aliyenishika mkono, na kumbe baba aliliweka pembeni jina la baba yake mzazi ili karatasi zangu zisikwame. Na hakuwahi kulisema mpaka nilipomuuliza.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa wa kwanza kwenye ofisi ya parokia. Nikaandika jina la ubatizo, kijiji, na jina alilonitajia shangazi. Kabla sijaondoa kidole, baba akawa juu ya orodha. Padre alikuwa ameliandika jina la babu kwa r badala ya l na akaiacha irabu ya mwisho. Alama za sauti zikawa zilezile, hatua mbili, kama nilivyopanga mimi mwenyewe. Programu yangu haikuwa na kosa lolote, na nilihakikisha katibu ameliona hilo.

"Kwa hiyo mashine ilikuwa nzima," akasema.

"Ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeituma kumtafuta mtu ambaye hayupo."

"Kwetu pia wakwe wana mambo yao. Ungeniuliza siku ya kwanza, fundi. Lakini wewe kuuliza ni kazi."

Tukafungua kitabu chenyewe kuhakikisha. Ukurasa ulikuwa mkavu, mzima, wino bado mweusi. Pembeni padre alikuwa ameandika jambo dogo kwa lugha yake ambalo hatukuweza kulisoma. Baba anaamini ni habari za kilio chake. Kitambulisho na kitabu vilipingana, kwa hiyo paroko alimwita shangazi, naye akaeleza na kuweka dole gumba kwamba wa kitambulisho na wa kitabu ni mtu mmoja. Alieleza kwa sauti kubwa hivi kwamba waliokuwa kwenye foleni ya nje waliondoka wakijua historia ya ukoo wetu.

Programu niliiongezea vitu viwili. Kwanza, nafasi ya kuandika jina analoitwa mtu nyumbani. Pili, swali ambalo sasa katibu humuuliza kila anayefika: anayetaja ni mwana au ni mkwe? Akiwa ni mkwe, hatuandiki mpaka tumtafute mwenye ruhusa ya kulitamka. Parokia nyingine mbili zimeniomba niwawekee hiyo programu. Nawaonyesha njia ya hatua, nawaonyesha njia ya sauti, wanatikisa kichwa kwa heshima. Nikifika kwenye swali la mkwe wanacheka, halafu mmoja wao lazima aseme, kwetu pia.

Stashahada sijaibadilisha. Watu wamenishauri niende kwa wakili nile kiapo, jina lirekebishwe. Sitaki. Lile neno ni heshima ya mama yangu iliyopigwa muhuri na chuo, na nimeibandika ukutani mwenyewe.

Ndoa zilibarikiwa Jumapili baada ya mpunga kuingia ghalani. Walikuwa jozi kadhaa za wazee, wamekaa mbele kwa viapo, kisha kila mmoja akarudi penye nafasi, kwa kuwa kanisa lilijaa. Mama, katika gauni lake la kitenge kipya, akarudi palepale pake, mwisho wa benchi. Baba akakaa upande wake wa ndani, kisha mimi, kisha shangazi.

Ukafika wakati wa kukomunika. Watu wa benchi letu wakasimama. Na mama, bila kufikiri, akageuza magoti pembeni ili wapite.

Hakupita mtu. Baba alisimama hapo, mikono imefumbatwa, na nyuma yake sote tukasimama, benchi zima. Mama akainua macho kuona kwa nini hatuendi.

"Bibi harusi," baba akamnong'oneza, "umetuzibia njia."

Mama akatazama magoti yake. Kisha akashika benchi la mbele, akasimama, akatangulia.